Usukani wa Kulia Kwenye Barabara ya Kulia: Muundo wa Gari na Njia ya Uvira

Neno usukani lilikuwa la majini kabla ya kuwa la nchi kavu. Asili yake ni Kiarabu, na mabaharia wa pwani walilitumia kwa kifaa kilichofungwa tezini kuelekeza jahazi. Aliyekishika akaitwa msukani. Gari lilipowasili Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, wasemaji wa Kiswahili hawakuhangaika kulitafutia gurudumu lake jina jipya. Waliliazima lile la bahari, kama walivyokuwa wameliazima neno gari lenyewe kutoka Bara Hindi, na kama walivyolipokea baadaye neno dereva kutoka kwa Waingereza. Upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ambako mtawala alikuwa Mbelgiji, msamiati ulichukua njia nyingine: huko husikika motokari, shofere na volani. Chombo ni kile kile, ila kikivuka mpaka hubadili jina. Lipo hata hivyo jambo moja lisilobadilika mpakani, nalo ni upande ambao kiwanda kiliufunga usukani. Kwa wakazi wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, jambo hilo limekuwa na uzito kuliko ubunifu mwingine wowote wa waundaji magari.

Chanzo chake ni historia ya ukoloni. Waingereza waliendesha kushoto, na desturi hiyo imebaki Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar. Wabelgiji waliendesha kulia, na ndivyo ilivyo hadi leo Kongo, Rwanda na Burundi. Japani, ambayo haikuwahi kutawaliwa na Mwingereza, nayo huendesha kushoto, na kwa hiyo magari yanayoundwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe huwa na usukani upande wa kulia. Magari hayo yakishatumika miaka kadhaa huuzwa nje kwa bei nafuu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani, na asilimia 80 ya hayo yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Uvira iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kutegemewa inayoiunganisha miji hiyo miwili. Bandari ya bahari inayoifaa ni Dar es Salaam. Gari lililoshushwa huko hupita Tanzania likiwa upande wa kushoto, likifika mpaka wa Kobero huhamia kulia, likashuka milima ya Burundi hadi Bujumbura, likapita Gatumba na kuingia Kongo kwa Kavimvira. Barabara imebadili upande, usukani haukubadili. Hivyo ndivyo mji ambao sheria yake ni ya kulia ulivyojaa magari yaliyoundwa kwa barabara ya kushoto.

Madhara yake si ya kinadharia. Gari huundwa likiwa na dhana kwamba dereva ataketi karibu na katikati ya barabara, ili aone mbali anapotaka kulipita gari lililo mbele. Dereva wa usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia huketi ukingoni. Akiwa nyuma ya lori, hawezi kuona kinachokuja mpaka sehemu kubwa ya gari lake iwe imekwisha ingia katika njia ya wanaokuja. Ndiyo maana abiria wa mbele, aliyeketi kushoto, huwa macho ya dereva. Yeye ndiye anayesema kama njia ni nyeupe. Kazi hiyo hakuifundishwa wala hailipwi, na hapana sheria inayomtambua.

Taa nazo zina siri yao, isiyojulikana na wengi. Taa za mbele zinapopunguzwa, mwanga wake hausambai sawasawa pande zote mbili: hurefushwa upande wa ukingo, ili watembea kwa miguu waonekane, na hufupishwa upande wa magari yanayokuja. Katika gari la Kijapani ukingo uliokusudiwa ni wa kushoto. Kwenye barabara ya Ruzizi kushoto ndiko yanakotokea magari mengine. Basi mwanga mrefu humpiga machoni dereva anayekuja, na ukingo wenye watu na baiskeli hubaki gizani. Kisha kuna mlango. Basi dogo la aina ya Toyota Hiace la soko la Japani kwa kawaida lina mlango wa kuteleza ubavuni kushoto, ambako kwao ni kando ya barabara. Uvira abiria anayeshuka kwa mlango huo, pengine na mtoto mgongoni na furushi kichwani, hukanyaga katikati ya barabara.

Msomaji asidhani kwamba usukani peke yake ndio mkosaji. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, mji mdogo wa bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Taarifa za wakati huo zilisema lilikuwa likijaribu kulipita basi. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa wamekusanyika katika vibanda kutazama Kombe la Dunia lililochezwa Afrika Kusini. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa. Umaskini ndio uliowapeleka wale wachotaji penye mafuta, na ubao mwembamba wa vibanda haukuweza kuwalinda watazamaji. Lakini mwanzo wa mkasa, kwa mujibu wa taarifa hizo, ulikuwa kitendo kile kile cha kulipita gari lililo mbele.

Katika historia ya uundaji, mwaka 1959 ni wa pekee. Mwaka huo mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Uswidi alileta mkanda wa usalama unaoshika sehemu tatu, na kampuni ikawaruhusu waundaji wengine kuutumia bila malipo. Mwaka huo huo Mercedes-Benz ilitoa gari lililotumia wazo la Béla Barényi, kwamba ncha za mbele na za nyuma zikubali kukunjamana wakati wa mgongano ili chumba cha abiria kibaki imara. Na Uingereza, Alec Issigonis alitoa Mini, gari la urefu wa mita tatu na ushei tu, ambalo injini yake ililazwa kwa upana ili nafasi kubwa ibaki kwa watu. Magari madogo mengi ya leo yamerithi mpango huo wa injini.

Uvumbuzi huo wote umefika Uvira, ila umefika kwa namna ya mtumba. Gari dogo lina mikanda mitano kwa kuwa liliundwa kwa watu watano. Likipakiwa wanane, hesabu ya Bohlin haina pa kusimamia. Chuma kilichokunjamana katika ajali ya kwanza kikanyooshwa kwa nyundo hakikunjamani tena kama alivyokusudia Barényi. Mafundi hodari wanaweza kuuhamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto, kazi ambayo Dubai imekuwa biashara kamili, lakini kuhama kwa usukani ni kuhama pia kwa pedali, mfumo wa breki na dashibodi nzima. Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, hatari moja huwa imebadilishwa kwa nyingine.

Kuhusu gari linaloruka, habari zake ni za kuvutia lakini za mbali. Moulton Taylor wa Marekani alilirusha la kwake, Aerocar, mwaka 1949. Juni 2021 gari jingine, AirCar, liliruka kutoka Nitra hadi Bratislava, Slovakia, kwa dakika 35. Lilihitaji uwanja wa ndege kuanzia safari na uwanja wa ndege kuimalizia. Uvira, ambako mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliua makumi ya watu, yakabomoa maelfu ya nyumba na kukata barabara, sifa ya gari inayotafutwa zaidi ni tumbo lililo juu ya matope.

Swali lililobaki ni la sera: kipi kibadilishwe, gari au barabara? Rwanda ilichagua gari, ikapiga marufuku mwaka 2005 uingizaji wa magari yenye usukani wa kulia. Uswidi ilichagua barabara. Waswidi waliendesha kushoto ilhali magari yao mengi yalikuwa na usukani wa kushoto, yaani kinyume halisi cha hali ya Uvira, hadi alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilipohamia kulia. Ghana ilihamia kulia pia mwaka 1974. Kwa Kongo uchaguzi huo si wa ndani tu, kwa sababu mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kati ya wanachama wanane wa Jumuiya, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Walio wengi wako kulia, lakini Mombasa na Dar es Salaam, bandari ambazo magari ya Uvira na ya majirani zake hushushwa, ziko upande wa kushoto.