Kutoka watu 67 hadi 2,141

Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Ohio, waliwaingiza wanafunzi wenye njaa katika chumba kilichojaa harufu ya biskuti za chokoleti zilizotoka tu kuokwa. Wengine waliruhusiwa kula biskuti. Wengine waliambiwa wasiziguse, wale figili. Kisha wote wakapewa fumbo la michoro lisilo na jibu. Waliokula figili waliacha baada ya dakika 8 hivi, waliokula biskuti baada ya karibu dakika 19, na kundi la tatu, ambalo halikupewa chakula, baada ya karibu dakika 21. Hitimisho lilikuwa kwamba nguvu ya kujizuia hupungua kadiri inavyotumika. Washiriki walikuwa 67, katika makundi 3.

Wazo hilo lilienea mno. Mwaka 2010 uchambuzi uliokusanya majaribio 198 ya aina hiyo ulipata athari ya wastani ya 0.62. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia pamoja jaribio moja la nadharia hiyohiyo, safari hii kwa kazi ya kompyuta, kwa utaratibu uliokubaliwa kabla ya kuanza. Washiriki walikuwa 2,141, na athari ikawa 0.04. Martin Hagger aliongoza kazi zote mbili.

Namba 0.62 na 0.04 ni tofauti ya wastani kati ya makundi mawili, iliyogawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watu hutofautiana wao kwa wao. Kwa viwango vya Jacob Cohen, 0.8 ni athari kubwa, 0.5 ya kati, 0.2 ndogo. Ukitaka kujua uite watu wangapi, kuna kanuni fupi inayotosha kwa makadirio: gawanya 16 kwa mraba wa athari unayoitafuta, nawe utapata idadi ya kila kundi. Kanuni hiyo inakupa nafasi ya asilimia 80 ya kuiona athari iliyopo, huku hatari ya kuona isiyokuwepo ikibaki asilimia 5.

Tuweke bei. Tuseme kila mshiriki anakugharimu shilingi 1,000 za Kenya kwa nauli, kinywaji na muda wa msaidizi. Athari ya 0.5 inahitaji watu 64 kila kundi, jumla 128, nayo ni shilingi 128,000. Athari ya 0.2 inahitaji watu 800, shilingi 800,000. Ya 0.1 inahitaji watu 3,200, shilingi milioni 3.2. Athari ikipungua kwa nusu, gharama hupanda mara nne, na hakuna ujanja wa takwimu unaobadilisha hilo.

Sasa mtafiti mwenye fedha za watu 40 tu, 20 kila kundi, hupata nini? Ili matokeo yake yavuke mstari wa asilimia 5, tofauti atakayoiona lazima ifike angalau 0.64. Tuseme ukweli ni 0.2. Mara nyingi hataona kitu, na karatasi yake itabaki kwenye droo. Mara chache bahati itamwonyesha 0.64 au zaidi, na hiyo ndiyo itakayochapishwa, ikiwa imekuzwa zaidi ya mara tatu. Hakuna aliyedanganya. Lakini ukikusanya machapisho ya watafiti mia wa namna hiyo na kutafuta wastani, utapata namba kubwa yenye sura ya uhakika. Mimi naisoma ile 0.62 ya mwaka 2010 hivyo. Mwaka 2015 mradi mkubwa ulirudia tafiti 100 za saikolojia: asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimevuka mstari, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizovuka.

Jambo ambalo sampuli kubwa hununua, na ambalo husemwa mara chache, ni haki ya kusema "hakuna" na ukaaminika. Nchini Kenya, Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliwafuatilia watu 5,756 wa vijijini. Baadhi walipewa fedha taslimu, dola 1,076 kwa kipimo cha uwezo wa kununua. Baadhi tiba ya kisaikolojia ya wiki 5. Baadhi vyote viwili. Wengine hawakupewa kitu. Mwaka mmoja baadaye waliopata fedha walikuwa na hali bora ya kiuchumi na ya kisaikolojia. Tiba haikuonyesha athari inayopimika, hata kwa waliokuwa na hali mbaya ya akili mwanzoni. Kwa watu 60 jibu hilo lisingekuwa na maana yoyote. Kwa maelfu, wizara inayopanga bajeti ya afya ya akili inalazimika kulisikiliza.

Kazi ya vijijini ina gharama ya ziada. Watu wa kijiji kimoja, kama watoto wa darasa moja, hufanana. Ukichukua watu 20 kila kijiji, kijiji kizima kikiwekwa katika kundi moja, na asilimia 5 tu ya tofauti zote ikatokana na kijiji, idadi yako lazima izidishwe kwa 1.95. Wale 128 wanakuwa 250.

Kisha kuna swali la watu gani. Kupanga washiriki katika makundi kwa nasibu hukuambia kama jambo moja limesababisha jingine. Hakukuambii matokeo ni ya nani. Joseph Henrich na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 ya watu wote duniani. Bettina Lamm na wenzake walipowapa watoto wa miaka 4 jaribio la kusubiri kitafunio cha pili, takriban asilimia 70 ya watoto wa Wanso wa Kameruni walisubiri. Ujerumani walisubiri chini ya theluthi moja.

Mwanafunzi wa uzamili mwenye shilingi 80,000 ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kumpima mtu yuleyule katika hali zote mbili, nusu wakianza na hali ya kwanza na nusu na ya pili. Alama za mtu katika hali hizo zikihusiana kwa 0.5, watu 34 hufanya kazi ya 128. Lakini haifai pale ambapo jambo la kwanza haliwezi kufutika kichwani, kama tiba au somo. Ya pili ni kuungana. Mwanafunzi mmoja mwenye watu 80 anaweza kutegemea kuona athari ya 0.63 au zaidi. Wanafunzi 10 wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kila mmoja na watu wake 80, dodoso moja, na mpango wa uchambuzi ulioandikwa na kuwekewa tarehe kabla ya mshiriki wa kwanza kuketi, wanaifikia 0.2. Kila mmoja angeandika tasnifu yake juu ya swali lake ndani ya data hiyohiyo, mradi idara ziruhusu.