Saratani ya kongosho: wanaoishi miaka mingi ni akina nani?

Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aligundulika ana uvimbe kwenye kongosho Oktoba 2003, akafariki Oktoba 2011. Alex Trebek, mtangazaji maarufu wa televisheni Marekani, alitangaza Machi 2019 kwamba ana saratani ya kongosho hatua ya nne. Novemba 2020 akafariki. Mmoja miaka minane, mwenzake miezi 20. Familia yenye mgonjwa humshika yule wa kwanza, na nani atawalaumu? Ila mara nyingi hawaambiwi kwamba saratani ya Jobs haikuwa ile wanayougua wagonjwa wengi.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula na lina kazi mbili: kumwaga vimeng'enya vya kusaga chakula, na kutoa homoni kama insulini. Takribani saratani tisa kati ya kumi huanzia upande wa vimeng'enya, na hizo ndizo kali. Ya Jobs ilianzia kwenye seli za homoni, kama ya mwimbaji Aretha Franklin. Aina hiyo kwa kawaida hukua taratibu, na wapo wanaoishi nayo miaka mingi hata ikishasambaa. Takwimu za Marekani zinasema wagonjwa 13 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika, lakini hapo aina zote zimechanganywa. Ukiondoa zile za homoni, idadi hushuka chini ya 10. Kwa hiyo muulize daktari kwanza: kinyama kilichopimwa maabara kimeonyesha aina gani?

Kisha uliza kama uvimbe unaweza kukatwa. Kwa saratani ile kali, karibu kila aliyeishi miaka mingi alipitia kisu. Upasuaji unaojulikana zaidi una jina la Allen Whipple, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1935: huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba na mfuko wa nyongo, kisha mabomba yote huungwa upya. Wanaofaa kwa upasuaji tangu mwanzo ni 15 hadi 20 tu kati ya 100, maana wengine hufika saratani ikiwa imeshashika mishipa mikubwa ya damu au imefika kwenye ini.

Na kisu peke yake hakitoshi. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Kanada walionyesha kwamba waliopewa mchanganyiko wa dawa nne baada ya upasuaji, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54. Kwa dawa ya zamani ilikuwa miezi 35. Tukumbuke, hao walikuwa wagonjwa wenye nguvu za kuhimili dawa kali.

Anayepona upasuaji huanza maisha mengine. Huenda akapata kisukari. Wengi huhitaji vidonge vya vimeng'enya kila wanapokula, la sivyo mafuta hutoka kwenye choo na mwili hukonda. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mgonjwa Mwislamu alizungumze hilo mapema na daktari na shehe wake, asiache dawa kimyakimya.

Kugundulika mapema nako husaidia. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa kongosho Februari 2009. Uvimbe wa sentimita moja hivi ulionekana kwa sababu alikuwa akichunguzwa mara kwa mara baada ya saratani ya utumbo mpana; huo haukuwa saratani, ila wakati wa upasuaji ulikutwa mwingine mdogo zaidi uliokuwa saratani. Saratani ya kongosho ndiyo iliyomuua, lakini hiyo ilikuwa Septemba 2020.

Kwetu, maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni hutibiwa miezi kadhaa kama vidonda vya tumbo. Ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekoza, choo kimepauka, au mtu aliyevuka miaka 50 amepata kisukari ghafla huku anakonda, nenda hospitali ukaulizie kipimo cha CT. Ultrasaundi peke yake inaweza kulikosa kongosho.