Kushuka Ndio Ngoma

Anayesimama alfajiri kando ya barabara itokayo Kibosho au Uru kuingia mjini Moshi hawezi kukosa kuliona jambo hili. Watu wanateremka kwa baiskeli kama maji ya mfereji, miguu imetulia juu ya pedali, na nyuma umefungwa mkungu wa ndizi au dumu la maziwa kwa kamba ya mpira. Jioni watu wale wale huonekana tena katika barabara ile ile, ila sasa wako chini. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika tandiko, na baiskeli inakokotwa mlimani kama ng'ombe asiyetaka kurudi zizini. Tangu zama za Raleigh ya Uingereza na Phoenix ya China, baiskeli kwetu imekuwa chombo cha nusu safari.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba baiskeli ya umeme inazungumzwa kwa hamu kubwa zaidi hapa kuliko katika miji ya tambarare. Wa Mabogini au Pasua anaweza kuiona kuwa ni anasa. Mfanyakazi anayelala migombani na kula mkate wake mjini anaiona kuwa ni jibu la nauli ya kila siku. Huko Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zimekwisha kuzoeleka, na madereva hubadilishiwa betri vituoni kama vile mtu anavyobadilisha mtungi wa gesi. Sisi leo hatuzungumzii pikipiki. Tunazungumzia baiskeli nyepesi yenye pedali zake, mota ndogo na betri ya kubebwa mkononi, ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuifikiria baada ya kuweka akiba kwa muda. Na kwa kuwa akiba hiyo ni jasho, yafaa aelezwe mapema mambo ambayo muuzaji hatamweleza.

Tuanze kwa hesabu, maana mlima hauongopi. Stesheni ya reli ya Moshi iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vingi vya vihamba viko kati ya mita 1,100 na 1,700. Basi tumchukue mtu anayepanda mita 500 kila jioni. Mtu huyo, baiskeli yake na kikapu chake vina uzito wa kilo 100 kwa pamoja. Kuinua uzito huo mita 500 kunahitaji nguvu ya wati-saa 136. Tukiongeza kinachopotea ndani ya mota na katika msuguano wa tairi na barabara, hesabu inafika karibu wati-saa 200, ikiwa miguu haitafanya kazi yoyote. Sasa tazama betri. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwake. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kwa hiyo inamfikisha nyumbani na kubakiza akiba, na hata itakapozeeka na kupoteza thuluthi moja ya uwezo wake, bado itamfikisha, mradi asione haya kukanyaga pedali kidogo.

Hesabu hii fupi ndiyo silaha ya mnunuzi. Muuzaji atakuambia kwamba betri yake huenda kilomita 60. Huenda ni kweli, lakini kilomita hizo zilipimwa tambarare, kwa mtu mwembamba, pasipo upepo. Muulize wati-saa. Asiyejua wati-saa za betri anayoiuza hajui anachokiuza.

Wapo wanaouza baiskeli za bei ya chini zenye betri za risasi, za namna ile ile inayotumika katika pikipiki na magari. Betri hizo zikiwa na uwezo unaokaribiana na wa betri ya lithiamu huwa na uzito wa mara tatu au nne zaidi, na zikivutwa kwa nguvu mlimani hutoa pungufu ya kilichoandikwa. Mtu hununua wepesi kwa jina, akapewa jiwe la kilo 12 chini ya tandiko. Na siku betri itakapomwishia kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, siku ambayo haina budi kuja, ndipo atakapotambua thamani ya kila kilo. Baiskeli ya kilo 17 husukumika na hata hukanyagika. Ile ya kilo 30 ni adhabu.

Lakini pia wepesi una udanganyifu wake. Zipo baiskeli nyepesi mno, nzuri kuzitazama, zenye tairi nyembamba kama kidole na betri iliyofichwa ndani ya fremu. Hizo zilibuniwa kwa barabara za lami za Ulaya. Zikipita wiki moja ya masika katika barabara ya vumbi la volkano lililogeuka utelezi, mwenyewe atatamani baiskeli ya babu yake. Twaona yafaa kuchagua magurudumu ya inchi 26 au 28, ya ukubwa ambao tairi, tyubu na spoki zake hupatikana kwa mafundi wa mjini na hata katika maduka ya vijijini. Betri nayo iwe ya kutoka, ili iingie ndani na mwenyewe wakati baiskeli inabaki nje.

Kuhusu mota, wengi hupumbazwa na kasi. Sheria za nchi za Ulaya huruhusu mota ya wati 250 inayosaidia hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na wapo wanaodhani kwamba hicho ni kitu cha watoto. Sivyo. Katika mwinuko mkali wa mita 8 kwa kila mita 100, wati 250 hupandisha ule mzigo wetu wa kilo 100 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na miguu ikisaidia hufika 13 au 14. Aliyezoea kukokota baiskeli kwa mkono hatalalamika. Jambo la kuangalia ni mota imekaa wapi. Mota iliyo katikati, penye pedali, hutumia giya za mnyororo na hupanda mlima vizuri kupita zote, ila bei yake ni kubwa na hula mnyororo upesi. Mota ya katika gurudumu yenye giya ndani yake ni nyepesi, na kwa mfuko wa wengi wetu ndiyo ya wastani. Ile ya gurudumu isiyo na giya ni kubwa na nzito, na ikilazimishwa kupanda polepole kwa muda mrefu huchemka hadi waya zake kuungua. Hiyo waachiwe watu wa tambarare ya TPC.

Hadi hapa tumezungumzia kupanda. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi.

Nguvu ile ile iliyomwinua mtu mita 500 jioni humrudia asubuhi anaposhuka, na haina pa kwenda ila kwenye upepo na kwenye breki. Ukiipima kwa joto, yatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya chai. Joto hilo hugawanyika katika vipande vinne vidogo vya breki, kila siku ya kazi. Baiskeli ya umeme ni nzito kuliko ya kawaida, na mwenyewe, akijua jioni hatateseka, huongeza mzigo. Halafu barabara inaishia mjini, penye watoto wa shule, daladala zinazosimama bila ishara na malori ya barabara kuu ya Arusha na Himo. Kwa hiyo anayeuliza kwanza habari za mota ameanza mwisho. Kwa mtu wa mlimani swali la kwanza ni breki.

Breki za mpira zinazobana rimu hazifai kwa safari hii. Matope mekundu yenye mchanga huzigeuza kuwa tupa, zikala mpira na rimu pamoja, na mvua ikinyesha hushika kwa kuchelewa. Chagua breki za diski, mbele na nyuma. Zipo zinazovutwa kwa mafuta na zipo zinazovutwa kwa waya. Za mafuta hushika kwa ulaini na zinasifiwa kwa haki, lakini zikivuja zinahitaji mafuta ya aina yake na fundi mwenye vifaa vyake. Za waya fundi yeyote wa baiskeli anaweza kuzikaza au kubadilisha waya kwa muda mfupi. Kwa sasa sisi tungechukua za waya, zenye diski pana. Pedi zitazamwe kila Jumapili. Zikibaki unene wa shilingi ya sarafu, zibadilishwe, na jozi ya akiba iwe nyumbani daima.

Namna ya kushuka nayo ina adabu yake. Usishike breki mfululizo kutoka migombani hadi mjini. Shika kwa nguvu, punguza mwendo, achia zipoe, shika tena. Ukisikia harufu ya kuungua au mkono wa breki umelegea, simama kando, umsalimie jirani, na uziache zipoe kwa dakika tano. Usizimwagie maji. Kofia ngumu ivaliwe wakati wa kushuka, hata kama asubuhi ni ya baridi na kofia ya sufi ingependeza zaidi.

Matunzo mengine ni ya kawaida, ingawa mota huongeza machache. Spoki za gurudumu lenye mota hulegea katika wiki za mwanzo. Zikazwe na fundi baada ya mwezi mmoja, kabla hazijaanza kukatika. Nati za ekseli ya mota ni kubwa kuliko za baiskeli ya kawaida, mara nyingi ni za spana namba 18. Asiyebeba spana hiyo akapata pancha ya nyuma jioni atalala njiani, hata akiwa na viraka kumi. Mnyororo usafishwe na kupakwa mafuta mepesi, na mvua zikianza uangaliwe mara mbili kwa wiki. Na tunawaomba vijana wanaoosha magari wasiielekezee baiskeli ya umeme ile mashine yao ya maji ya presha. Mota imejengwa kuvumilia mvua itokayo juu, wala si maji yanayosukumwa kwa nguvu ndani ya viungio vya waya. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Betri ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, na ndiyo inayouawa kwa uzembe. Isichajiwe ikiwa bado ina joto la mlima, ipumzishwe kwanza. Isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Isichajiwe usiku penye kitanda, wala kwenye mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea, kwa kuwa lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Na chaja iwe ile iliyokuja nayo, au nyingine yenye volti zile zile. Somo hilo mmoja wetu hapa ofisini alilipata kwa gharama. Chaja yake ilipokufa alinunua nyingine ambayo kichwa chake kiliingia vizuri katika tundu, akaridhika. Ilikuwa chaja ya betri ya volti 48, na yake ilikuwa ya 36. Saketi ya ulinzi iliungua, betri yenyewe ikanusurika, naye akarudia kwenda kwa miguu wiki mbili nzima akisubiri fundi.

Sasa betri hiyo ichajiwe wapi? Wengi hudhani ni nyumbani, usiku. Lakini tazama safari yetu: asubuhi mtu anashuka, hahitaji umeme hata kidogo. Betri iliyojazwa mlimani inakaa mjini siku nzima ikiwa imejaa, katika joto la Moshi, na hakuna kinachoizeesha lithiamu upesi kama kujaa na joto kwa pamoja. Ikichajiwa kazini, saa chache kabla ya kutoka, itapanda mlima ikiwa na nguvu zake zote, ifike nyumbani ikiwa nusu, na ilale nusu katika ubaridi wa migombani. Hakuna malazi bora kuliko hayo kwa betri.

Hapo ndipo tunapokutana na wakuu wa kazi. Tumesikia ya mfanyakazi aliyekatazwa kuchomeka chaja yake kwa hoja kwamba ni matumizi mabaya ya umeme wa ofisi. Na tuipime hoja hiyo. Kujaza betri ya wati-saa 360 kutoka sifuri hakufikishi nusu ya uniti ya LUKU, na kwa bei ya kawaida ya matumizi ya nyumbani hakufikishi shilingi 200. Kwa mwezi mzima wa kazi ni pungufu ya uniti 11. Birika la chai la ofisi hiyo hiyo hutumia zaidi. Nchi iliyoanza mwaka 2024 kuingiza katika gridi umeme wa bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, haiwezi kuelemewa na chaja za makarani na wauguzi wa Moshi.

Kama ni uchungu wa fedha za umma, iandikwe katika daftari na kukatwa katika mshahara. Hatujamsikia mfanyakazi aliyekataa kulipa. Kama ni hofu ya moto, hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kuweka rafu ya chuma mahali penye kivuli na hewa, mbali na makaratasi, na mlinzi aelekezwe kuzima ifikapo saa kumi jioni. Mabanda ya baiskeli yapo tayari katika sehemu nyingi za kazi mjini, mengine yamesimama tangu enzi za Phoenix. Kinachokosekana ni waya wa mita chache na soketi yenye fyuzi yake.