Taya za Fahari, Taya za Kazi

Mpanda miembe wa Mpanda hahitaji kutambulishwa kwa majimoto. Chungu huyu wa mtini hana mwiba. Hung'ata, kisha hupulizia tindikali papo hapo. Mweke mezani pamoja na mbawakawa wa jamii ya Lucanidae, ambaye dume lake lina taya zilizotanuka kama pembe. Yule wa Ulaya anaweza kupita sentimita 7, na misitu ya Kongo na Uganda ina jamaa zake. Macho yote yatamwendea mbawakawa. Mimi ningemkimbia chungu.

Taya zile za kutisha ni za ugomvi wa madume. Hukamatana juu ya gogo, mmoja humwinua mwenzake na kumbwaga, jike apatikane. Mwenye kung'ata kweli ni jike, na taya zake fupi.

Za majimoto ni zana za ujenzi. Vibarua hushikana kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka wafikie jani la pili, kisha huvuta kwa pamoja hadi kingo zikutane. Hapo wengine huleta lava, watoto wasio na miguu, wakiwa wamewabeba kwa taya hizo hizo, na kuwapitisha ukingo hadi ukingo wakitoa hariri ya kushonea. Mtu mzima hana hariri. Uzi wote ni wa watoto. Kundi moja laweza kufikia karibu nusu milioni, vibarua wote majike, na viota vya mpakani hulindwa na vikongwe.

Mbawakawa wa Ulaya huishi miaka 3 au zaidi akiwa funza ndani ya mti uliooza, halafu wiki chache tu nje. Taya zote zile kwa wiki chache! Wadudu wa namna hiyo wanataka gogo liachwe lioze, na kwetu Katavi gogo haliachwi: huwa mkaa, au huingia bani la tumbaku. Linalooza kwa amani liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Majimoto hutosheka na mwembe wa uani.

Kwa jirani zetu wa Mahale yupo chungu mwingine, Camponotus, anayekaa ndani ya mashina. Mwaka 1973 Mjapani Toshisada Nishida alieleza jinsi sokwe wanavyomvua: huchomeka kijiti tunduni, chungu hukiuma kwa hasira, hakiachii, na huvutwa nacho mpaka mdomoni.