Maktaba ya Mtaani Ibuniwe na Watoto

Mwaka 2009, katika mji wa Hudson nchini Marekani, Todd Bol alijenga kisanduku cha mbao chenye umbo la shule, akakisimamisha nje ya nyumba yake na kukijaza vitabu. Alikuwa akimkumbuka mama yake, aliyekuwa mwalimu. Apitaye achukue kitabu, na mwenye cha ziada aache. Leo makabati ya namna hiyo yapo katika nchi zaidi ya 100.

Kwetu pia vitabu vimewahi kumfuata msomaji. Mwaka 1996, Kenya ilianza kuvipeleka kwa ngamia kutoka Garissa hadi kwa jamii za wafugaji. Tanzania ilifungua maktaba za vijiji miaka ya 1970, ili watu wazima waliojifunza kusoma wasije wakasahau.

Chukua mfano wa Makumira: kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi kuna chuo kikuu, na maktaba yake ni ya wanachuo. Mtoto wa darasa la tatu anahitaji rafu yake mwenyewe, karibu na njia anayopita kila siku. Anayefaa kuibuni ni yeye na wenzake.

Fundi seremala akiachiwa kazi peke yake, huenda akapima kwa kimo chake. Watoto watampima aliye mfupi kuliko wote darasani, kisha wachore kabati lao kwenye karatasi ya manila. Hapo hesabu, sayansi na jiografia zinakutana. Masika ya Machi hadi Mei yanataka paa lenye mteremko, na bati lililozidi ukuta. Mchwa hula mbao na karatasi pia, kwa hiyo nguzo ya chuma iliyoshikwa na zege ni salama zaidi. Vumbi la kiangazi nalo litazuiwa na kipande cha mpira wa baiskeli kwenye ukingo wa mlango.

Mahali pa kuliweka kabati pia wanapajua: pasiwalazimishe kuvuka barabara kuu, na pawe karibu na duka au zahanati, penye macho ya watu. Kibali kiombwe serikali ya kijiji.

Lakini kabati zuri lenye vitabu visivyosomeka halina faida. Hadithi za Kiswahili zitangulie. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia kuchapisha nyingi.

Mwalimu, wape watoto futi na penseli muhula huu. Mzazi, toa kitabu kimoja cha kuanzia.