Kumsubiri Mtoto wa Nchi ya Mbali

Familia inayoamua kuasili mtoto kutoka nchi nyingine huingia katika foleni ambayo hakuna anayejua urefu wake. Wapo waliokamilisha kila kitu kwa mwaka mmoja na nusu, wapo waliosubiri miaka saba, na wapo waliobakiza hatua moja tu wakaambiwa mpango umefutwa. Mtoto naye husubiri, ingawa mara nyingi hajui kwamba kuna jambo analolisubiri. Katikati yao zimo mahakama, wizara, ofisi za uhamiaji na maafisa ustawi wa jamii wa nchi mbili ambazo hazina lugha moja wala sheria moja.

Marekani ndiyo iliyopokea watoto wengi zaidi kwa njia hii, hivyo familia ya huko inatosha kuwa mfano. Hatua ya kwanza ni kukaguliwa. Afisa ustawi wa jamii huja nyumbani, huwahoji mume na mke pamoja, kisha kila mmoja peke yake: alilelewa vipi, kama alikuwa akichapwa, ndoa yao imepita katika misukosuko gani, nani atamchukua mtoto wao wakifa. Hupitia hati za mshahara, kodi na madeni. Halafu huzunguka vyumba vyote kuona kama dawa zimefungiwa kabatini, kama king'ora cha moshi kinalia, na kitanda cha mtoto kitawekwa wapi. Watoto waliomo nyumbani nao huulizwa wanaonaje kuongezewa ndugu. Marafiki huandika barua za kuwaeleza waombaji, daktari hutoa cheti, na polisi huchunguza kama kuna rekodi ya uhalifu. Ikiwa mtoto anatoka nchi iliyojiunga na Mkataba wa Hague kuhusu uasili wa kimataifa, wazazi hulazimika pia kuhudhuria mafunzo yasiyopungua saa 10.

Karatasi zote hizo hukusanywa, hugongwa mihuri, hutafsiriwa na kupelekwa nchi ya mtoto. Tatizo ni kwamba kila karatasi ina muda wake. Alama za vidole zilizochukuliwa na idara ya uhamiaji ya Marekani hutumika kwa miezi 15 tu, kisha mtu hurudi kuweka vidole upya. Familia ikihama nyumba, mama akipata mimba, au baba akipoteza kazi, ripoti ya ukaguzi hurekebishwa, na marekebisho hulipiwa. Gharama yote, pamoja na ada za shirika, nauli na hoteli, mara nyingi huwa kati ya dola 30,000 na 50,000. Wengi wanaolipa fedha hizo si matajiri. Hukopa, huuza gari la pili, au huchangiwa na waumini wenzao.

Ugumu huu haukuwapo tangu mwanzo. Baada ya vita vya Korea kusimama mwaka 1953, watoto wa nchi hiyo walianza kupelekwa Marekani na Ulaya. Mwaka 1955 Harry na Bertha Holt, mkulima wa jimbo la Oregon na mkewe, waliasili watoto wanane wa Korea kwa mpigo, kisha wakaanzisha shirika la kuwasaidia wengine kufanya hivyo. Katika miongo iliyofuata watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000 waliondoka Korea Kusini. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka huko Romania Desemba 1989, dunia ikaonyeshwa vituo vilivyojaa watoto waliodhoofu, na wageni wakamiminika. Maelfu ya watoto walichukuliwa kwa muda mfupi sana, na si wote waliotoka vituoni. Wengine walinunuliwa moja kwa moja kutoka kwa wazazi maskini.

Mambo hayo ndiyo yaliyozaa Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993. Mkataba huo uliweka mpangilio unaopaswa kufuatwa kila mahali. Kwanza mtoto abaki na wazazi wake ikiwezekana. Isipowezekana, itafutwe familia ya kumlea nchini mwake. Hilo likishindikana, ndipo afikiriwe kwenda nje. Kila nchi mwanachama huteua mamlaka moja inayojibu maswali, wazazi waliomzaa mtoto lazima watoe ridhaa yao bila kushurutishwa wala kulipwa, na mama hawezi kutoa ridhaa hiyo kabla hajajifungua. Marekani ilianza kuutekeleza tarehe 1 Aprili 2008.

Kwa familia iliyoko kwenye foleni, kanuni hizi huonekana kama ucheleweshaji. Lakini kinachotokea zisipofuatwa kinajulikana. Oktoba 2007 shirika moja la Ufaransa lilizuiwa nchini Chad likijiandaa kuwarusha kwa ndege watoto 103, waliodaiwa kuwa yatima wa Darfur, nchini Sudan. Walipohojiwa, wengi wao walisema wanatoka vijiji vya mpakani na wana angalau mzazi mmoja. Huko Ufaransa, familia zilikuwa zimekwisha kujiandaa kuwapokea. Wiki chache baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, kundi la Wamarekani kumi lilikamatwa likivuka mpaka kuingia Jamhuri ya Dominika na watoto 33. Wengi walikuwa na wazazi walio hai, waliowatoa watoto wao kwa kuahidiwa shule na chakula. Guatemala ilitoa zaidi ya watoto 4,000 kwa familia za Marekani mwaka 2007 pekee, karibu wote kupitia mawakili binafsi, kabla ya kuufunga mfumo huo kutokana na wizi wa watoto na hati za kughushi.

Hakuna foleni iliyokuwa ndefu kama ya China. Nchi hiyo ilifungua rasmi mlango huo mwaka 1992, wakati sera ya mtoto mmoja iliwafanya wazazi wengi, hasa wa vijijini, kuwaacha watoto wa kike sokoni au kwenye lango la hospitali. Mwaka 2005 karibu watoto 7,900 walikwenda Marekani, na familia iliyokamilisha faili lake ilisubiri miezi michache tu kupewa mtoto. Mwaka huohuo ikagundulika kwamba vituo vya mkoa wa Hunan vilikuwa vikinunua vichanga kutoka kwa walanguzi. Kuanzia Mei 2007 China ikakaza masharti ya ndoa, umri, afya na hata uzito wa mwombaji. Watoto wa kike wenye afya waliotelekezwa wakapungua, Wachina wenyewe wakaanza kuasili zaidi, na foleni ikavuka miaka mitano. Familia nyingi zilihamia kwenye orodha ya watoto wenye mahitaji maalumu, wakiwemo wenye mdomo wazi, matatizo ya moyo au ulemavu wa viungo.

Siku inayosubiriwa kuliko zote katika kungoja huku ni ile ya kupokea faili la mtoto. Humo huwamo picha mbili au tatu, tarehe ya kuzaliwa ambayo mara nyingi ni ya kukadiria, urefu, uzito, mzunguko wa kichwa, chanjo, na maelezo mafupi ya mahali alipookotwa. Pengine mlezi huongeza mstari mmoja: anapenda muziki, haogopi maji, hulala kwa shida. Wazazi huyapeleka maelezo hayo kwa daktari bingwa ili ayasome, kisha hujibu ndiyo au hapana. Kwa watoto wa orodha maalumu ya China, shirika lilikuwa na saa 72 tu za kushikilia faili kabla halijarudishwa kwenye orodha. Wakikubali, picha ile hubandikwa ukutani, na shati lililonunuliwa kwa kipimo cha siku hiyo huwa dogo kabla ya safari.

Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, China ilisimamisha safari zote. Mamia ya familia za Marekani zilikuwa zimekwisha kupangiwa watoto, na baadhi zilikuwa zikiwaandalia chumba. Mnamo Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba haitoi tena watoto nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu na wazazi wa kambo. Hivyo ndivyo ulivyokwisha mpango uliokuwa umepeleka nje watoto wapatao 160,000 katika miaka zaidi ya 30. Watoto waliokuwa na miaka mitatu picha zao zilipotumwa walikuwa sasa na miaka saba au minane, na wengine walikwisha kuambiwa kwamba wana mama na baba ng'ambo.

Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni yale yaliyotokea katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sheria ya huko iliruhusu mahakama kukamilisha uasili hata kabla wazazi hawajafika, kwa hiyo mtoto aliweza kuwa na jina la ukoo wa Kimarekani au Kifaransa akiwa bado Kinshasa au Lubumbashi. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kutoka nchini. Tarehe 25 Septemba 2013 Idara Kuu ya Uhamiaji ilisimamisha vibali hivyo, serikali ikieleza wasiwasi kwamba watoto wengine walinyanyaswa au kukabidhiwa watu wengine walikopelekwa. Zaidi ya watoto elfu moja walikwama. Wazazi walikuwa wazazi kisheria, wakituma fedha za matunzo kila mwezi na kuzungumza na watoto kwa simu za video kupitia mkalimani, huku wakiwaona wakikua. Baadhi walihamia Kinshasa wakakaa na watoto wao bila kuweza kutoka nao. Vibali vya wengi vilipatikana kati ya Novemba 2015 na Februari 2016.

Uchungu wa wazazi hao ulikuwa wa kweli, na wanasiasa wa nchi zao waliupaza hadi Kinshasa. Hata hivyo, miongoni mwa watoto waliofika Ubelgiji mwishoni mwa 2015 walikuwamo wa kutoka eneo la Gemena, kaskazini-magharibi mwa Kongo, ambao uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa wazazi wao wako hai. Waliambiwa watoto wanapelekwa Kinshasa kwenye kambi ya likizo. Basi wakati familia za Ubelgiji zikihesabu siku za kuwapokea, wazazi wa Gemena nao walikuwa wakihesabu siku za kurudishiwa watoto wao. Katika mijadala mingi juu ya uasili wa kimataifa, huyu anayesubiri wa tatu ndiye anayesahaulika, ingawa ridhaa yake ni mojawapo ya mambo ambayo Mkataba wa Hague unayalinda.

Nchi za Afrika Mashariki zimejibu kila moja kwa namna yake. Rwanda ilisimamisha uasili wa kwenda nje mwaka 2010, kisha ikaanza kuwatoa watoto vituoni na kuwaweka katika familia za Kinyarwanda. Kenya iliusitisha Novemba 2014. Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2016 na kuziba njia iliyokuwa ikitumiwa na wageni kupata ulezi mahakamani kwa siku chache na kuondoka na mtoto. Sasa mgeni anatakiwa kukaa nchini mwaka mmoja na kumlea mtoto kwa muda huo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo Mzungu anayeonekana Arusha au Mwanza akisubiri hukumu ya kuasili mara nyingi ni mkazi, anayefahamika kwa majirani na mjumbe wa mtaa.

Familia za Kiislamu zina suala jingine. Sheria ya Kiislamu huhimiza kumlea yatima lakini hairuhusu kumbadilishia nasaba, hivyo mtoto hubaki na jina la babake na hapati urithi wa moja kwa moja, ingawa mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali. Utaratibu huo, kafala, unatambuliwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Mwaka 2012 Morocco ilielekeza kafala isitolewe kwa waombaji wanaoishi nje ya nchi, na familia za Hispania zilizokuwa zimekwisha kuwazoea watoto katika vituo vya huko zikaachwa njia panda.

Muda unaopotea si sawa kwa mkubwa na kwa mdogo. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa vituoni, nusu yao wakipelekwa kwa familia za walezi. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi walionyesha maendeleo bora zaidi ya akili na ya mahusiano kuliko waliochelewa. Ndiyo sababu kucheleweshwa kwa faili mezani kwa miezi sita bila sababu ni dhuluma, kama ilivyo dhuluma kuliharakisha bila kumtafuta mama. Kutafuta ndugu wa mtoto kunahitaji siku za kazi, nauli ya kwenda kijijini na afisa anayelipwa. Mahali ambapo hayo yanapatikana, uchunguzi hauhitaji miaka.

Foleni yenyewe imekuwa fupi kwa kukosa watu. Marekani ilipokea watoto karibu 23,000 mwaka 2004, lakini mwaka 2023 hawakufika 1,300. Urusi iliwazuia Wamarekani kuasili tangu Januari 2013, Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa nje mwaka 2018, na Uholanzi imeamua kuumaliza hatua kwa hatua.

Mtoto akifika, karatasi haziishi. Nchi nyingi hudai ripoti za maendeleo yake kwa miaka kadhaa. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001 humpa uraia mara moja, lakini iliwaacha nje waliokwisha kutimiza miaka 18 siku hiyo, na baadhi yao wamefukuzwa nchini wakiwa watu wazima. Mkataba wa Hague unataka kumbukumbu za asili ya mtoto zihifadhiwe, jambo ambalo halikufanyika Korea Kusini katika miaka ya wimbi kubwa. Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba watoto waliandikishwa kama yatima hali wazazi wao wanajulikana, na wengine walipewa utambulisho wa mtoto mwingine. Waliopelekwa wakiwa vichanga sasa wana miaka 40, 50 au zaidi, na wengi wao wanarudi Seoul kuomba mafaili yao na kutoa vipimo vya vinasaba, wakisubiri jina la mama lipatikane.