Pointi 3 za J. Cole Kigali, na Kwa Nini Msee wa Katilu Anafaa Kununua Daftari

Tarehe 16 Mei 2021, Kigali Arena. Ligi mpya ya basketi ya kulipwa, Basketball Africa League, inacheza mechi yake ya kwanza kabisa: Patriots ya Rwanda dhidi ya Rivers Hoopers ya Nigeria. Ndani ya jezi ya Patriots kuna rapa J. Cole, siku mbili tu baada ya kuachia albamu yake The Off-Season. Swali mtandaoni lilikuwa moja: huyu buda anajua ball kweli, ama ni kiki tu?

Jibu lilitoshea kwenye mstari mmoja: karibu dakika 18, pointi 3, ribaundi 3, asisti 2. Patriots wakashinda 83-60. Cole akacheza mechi 3 pekee, jumla pointi 5, ribaundi 5 na asisti 3 kwa dakika 45, kisha akaenda zake.

Manze, huo ndio utamu wa takwimu. Karatasi haijui una mashabiki wangapi. Inaandika tu ulichofanya.

Huo mstari unasomwa aje?

Pointi kila mtu anajua. Ribaundi ni kuudaka mpira baada ya mtu kurusha na kukosa. Asisti ni pasi inayompa mwenzako kikapu moja kwa moja. Lakini usiruke dakika. Pointi 3 kwa dakika 4 ni stori moja, pointi 3 kwa dakika 18 ni nyingine kabisa.

Pia angalia mitupo. Tuseme msee A amefunga vikapu 5, na B amefunga 4. Unaweza kudhani A ndiye mkali. Kumbe A alirusha mara 16, B alirusha mara 5 tu. A ana asilimia 31, B ana 80. Bila kuhesabu mitupo iliyokosa, mbogi itaendelea kumpa A mpira hadi mpoteze.

1946: mechi iliyoandikwa nusu

Turudi nyuma kidogo. Ligi ambayo baadaye ikawa NBA ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Novemba 1946, mjini Toronto, Kanada. New York Knickerbockers waliwapiga Toronto Huskies 68-66. Kikapu cha kwanza kilifungwa na Ossie Schectman wa New York. Aliyefunga nyingi zaidi ni Ed Sadowski wa Toronto, pointi 18, na bado timu yake ikalala.

Sasa uliza: nani alidaka ribaundi nyingi usiku huo? Nani alikuwa anazima mitupo ya wenzake hewani? Hakuna anayeweza kukujibu. Ligi ilianza kuandika ribaundi msimu wa 1950-51. Kupora mpira na kuzuia mitupo hewani kulianza kuhesabiwa msimu wa 1973-74. Kupoteza mpira, 1977-78. Mtupo wa pointi 3 wenyewe uliingia NBA msimu wa 1979-80.

Na iliwauma hata wafalme. Bill Russell wa Boston Celtics alibeba mataji 11, na kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi. Alistaafu 1969. Msimu wa mwisho wa Wilt Chamberlain ulikuwa 1972-73, mmoja tu kabla ya hesabu kuanza. Kwenye rekodi rasmi za NBA, mitupo yote waliyoizima hao majitu wawili haipo. Walifanya, watu wakaona, lakini hakuna aliyeandika.

Kama ilimpata Russell, wewe ni nani?

Sasa tuje Katilu, Turkana Kusini, kando ya Mto Turkwel. Watu hupenda kusema Turkana kumejaa vijana warefu, waende tu wacheze basketi. Lakini urefu peke yake hauna mstari kwenye karatasi. Kocha wa klabu Nairobi hawezi kufunga safari hadi Katilu, Lodwar ama Kakuma kwa sababu beshte yako amesema "kuna msee huku ni moto." Namba za mechi 10 angalau zinampa sababu ya kuuliza.

Na mlango upo. Nuni Omot alizaliwa hapa Kenya katika familia ya wakimbizi. Akakulia Marekani, akapitia chuo kidogo cha Concordia mjini St. Paul kabla ya kuchukuliwa na Baylor. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi hii hii ya Afrika akiwa na Al Ahly ya Misri. Kisha 2025, Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza kwenye ligi hiyo.

Anza hivi

Huhitaji kompyuta. Chukua daftari la mraba na kalamu. Kila mchezaji mstari wake, kisha safu za mitupo aliyorusha, iliyoingia, ribaundi, asisti, mipira aliyopora, aliyozuia, aliyopoteza, na faulo. Wawe watu wawili: mmoja anatazama na kuita, mwingine anaweka alama. Juu andika tarehe, timu na matokeo. Mechi ikiisha, piga picha ukurasa na uutume kwa grupu ya timu ili usipotee.

Sheria ni moja: usimpake beshte wako mafuta. Daftari likishikwa na uongo mara moja, namba zote zinakuwa takataka, hadi zile za ukweli.

Kweli, daftari haliwezi kuandika kila kitu. Halitaonyesha aliyemtuliza mwenzake baada ya faulo mbaya. Lakini J. Cole na pointi zake 3 atakumbukwa miaka 50 ijayo. Wewe uliyedaka ribaundi 15 Jumamosi iliyopita, nani aliandika?